Nani Aliuza Uwanja?

Wasee, kuna hii posti hurudi kila mwezi kama kodi ya nyumba. Picha ya watoto wakiruka blada, vumbi mpaka magotini, na juu yake maandishi: “Sisi ndio kizazi cha mwisho kuwa na utoto.” Huko chini watu wa miaka thelathini na kitu, arobaini, wanalia machozi. Bano. Kati. Brikicho. Gari la waya. Mpira wa juala (juala lenyewe lilipigwa marufuku 2017, hiyo ni stori ya siku nyingine). Kurudi nyumbani giza likiingia. Halafu lazima atokee mmoja amalize: “Watoto wa siku hizi ni simu tu, hawajui kucheza.”

Mimi nina miaka 22 na nimechoka na hiyo sentensi. Wacheze wapi?

Nijibuni hilo kwanza kabla mlete mambo ya TikTok. Mtoto anaishi gorofa ya sita huko Pipeline, pale majumba yamebanana mpaka unaweza kumpa jirani wa ploti ya pili chumvi kupitia dirishani, na wa chini wanawasha taa saa sita mchana. Huyo acheze bano wapi? Bano inataka mchanga. Kati inataka nafasi ya kukimbia. Yeye ana ngazi, koridoo na kamba za nguo. Akipewa simu ili atulie, mnasema kizazi kimepotea.

Uwanja haukuyeyuka. Uliuzwa, na waliouuza ni watu wazima wenye stempu na kalamu. Tume ya Ndung'u ilitoa ripoti 2004 kuhusu ardhi ya umma iliyogawanywa kinyume cha sheria, na ndani yake kuna ardhi za shule na viwanja vya kuchezea. Mengi ya hayo yalifanyika miaka ya themanini na tisini. Yaani ile miaka yenyewe mnayoililia! Nyinyi mkiruka blada, kuna buda alikuwa ofisini anakata huo uwanja vipande. Wangari Maathai aliposimama 1989 kuzuia jengo la gorofa 60 lisijengwe Uhuru Park, wabunge walimkejeli. Na bado hiyo bustani iko kwa sababu yake, si kwa sababu yao.

Januari 2015 je, mmesahau? Watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walikuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Wakausukuma ukaanguka. Polisi wakawarushia vitoa machozi. Watoto wa primari, na sare zao. Kelele ilipozidi, uwanja ukarudi. Nilikuwa rika lao, niliona kwa TV, na nakumbuka nikifikiria: kumbe uwanja unaweza kupiganiwa. Sasa niambie tena hawa ndio hawajui kucheza. Hao walikula tia gesi wakitafuta pa kuchezea.

Lakini wezi wa ardhi ni rahisi kuwalaumu. Ngoja nije karibu.

Kwa ploti ninayoishi sai kuna grupu ya WhatsApp. Wiki tatu zilizopita jamaa mmoja, mtu mpole kabisa, aliposti ile picha ya blada. Mioyo mia. Siku nne baadaye, jamaa huyohuyo, grupu hiyohiyo: watoto wanapiga kelele kwa pakingi, mpira umegonga gari, keateka afanye kitu. Watu kumi na moja waliweka dole gumba. Kesho yake karatasi ikabandikwa getini: HAKUNA KUCHEZA KWA PAKINGI. Soja akapewa kazi ya kufukuza. Sasa watoto watano hukaa kwa ngazi za gorofa ya pili wakichungulia simu moja, na mimi huwaruka nikienda dukani. Manze, hiyo ngazi inaniuma kuliko kitu chochote nimeona mwaka huu.

Na hata hiyo “hakuna aliyetuchunga” mnayoimba, mnajidanganya. Mlichungwa na kila mtu. Nimelelewa Umoja, najua. Mama mboga alikuwa kamera. Ukitukana kwa kona, mathe ashajua kabla ufike mlangoni, na jirani ashakuchapa kofi moja la kuanzia. Hayo makofi siyatamani, lakini kulikuwa na macho. Leo unaishi miaka mitatu na mtu wa mlango wa pili hujui jina lake. Mzazi anayetoka saa kumi na moja asubuhi kwenda job akafungia mtoto ndani, huyo simlaumu hata kidogo. Bodaboda zinapita kwa kasi, na hakuna mtu hapo nje atamwangalia. Aache mtoto na nani?

Pia, uhuru ulikuwa wa nani? Muulizeni dada yenu. Mkiwa nje mpaka saa moja jioni, yeye alikuwa anaosha sufuria na kubeba mtoto wa mwisho mgongoni. Hiyo picha yenu haina yeye.

Tuisheni nayo nitasema kidogo tu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni ya likizo. Mnajua, na mnalipa. Kenya iliidhinisha Mkataba wa Haki za Mtoto 1990, na kifungu cha 31 kinasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Mimi niliacha chuo, sina digrii ya kuwafundisha malezi, lakini kusoma nasoma.

Kwa hivyo hii ndiyo nataka. Wenye shule karibu nao, ulizeni kama uwanja una hati, na hati ina jina la nani. Wenye ploti, pakingi yenu Jumapili mchana ina magari mangapi? Yetu huwa na matatu. Mkutano wa wapangaji ni Jumamosi hii saa nane, na nitaomba hayo matatu yahamie upande wa tangi kutoka saa nane mpaka saa kumi na mbili jioni, ile karatasi itolewe, na sisi wakubwa tukae nje kwa zamu. Zamu ya kwanza nimechukua.

Moja ya hayo magari ni la yule jamaa wa blada. Nitaenda na ile posti yake, nimeipiga skrini shoti.