Kidhibiti cha mtandao kikikaa Dar, Magamba inabaki na nini?

KWA mkazi wa Magamba, wilayani Mpanda mkoani Katavi, kukatika kwa mtandao maana yake ni malipo ya simu kukwama na wakala kufunga dirisha. Kwa sababu hiyo, mjadala kuhusu mahali pa kuweka kidhibiti cha mtandao si wa wahandisi peke yao.

Katika mitandao mipana inayoongozwa kwa programu, njia ya kupitisha data haiamuliwi na kila ruta peke yake. Huamuliwa na kidhibiti, yaani kompyuta inayouona mtandao mzima na kuziamuru swichi zote. Mwaka 2013, Google ilieleza jinsi ilivyounganisha vituo vyake vya data kwa mfumo huo.

Iwapo Tanzania itaufuata, jibu jepesi ni kukiweka kidhibiti Dar es Salaam, inakofikia mikongo ya baharini ya Seacom na EASSy. Kutoka huko hadi Mpanda ni takriban kilomita 900 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja, hivyo amri kwenda na jibu kurudi huhitaji angalau milisekunde tisa. Umbali huo si kikwazo. Brandon Heller na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba kwa upande wa kasi, kidhibiti kimoja mara nyingi hutosha.

Hata hivyo, watafiti hao walitahadharisha kuwa kutosha kwa kasi si kuhimili hitilafu. Mkongo ukikatwa katikati ya nchi, swichi za magharibi zitaendelea na amri za zamani bila kupata mpya, hata kama ipo njia nyingine ya kupitisha data. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mei 12, 2024, hitilafu katika mikongo ya EASSy na Seacom ilizorotesha intaneti nchini na kwa majirani, ikidhihirisha hatari ya kutegemea njia chache.

Kigezo, basi, kisiwe wastani wa kasi, bali ni maeneo mangapi yatabaki bila uongozi kiungo kimoja kikikatika. Kwa kigezo hicho, kidhibiti cha pili Tabora, chini ya kilomita 300 kutoka Mpanda, kina faida kuliko cha pili Dar es Salaam.

Gharama zipo: umeme wa uhakika, ulinzi na wataalamu. Aidha, vidhibiti vikipotezana vinaweza kutoa amri zinazopingana, hivyo mipaka ya mamlaka yao lazima iwekwe mapema. Zaidi ya yote, hakuna kidhibiti kinachoweza kuchagua njia ya pili ambayo haijajengwa.