MAMBO YA BAISKELI: Kuinua Usukani bila Hatari

Alfajiri, kabla jua halijapanda, wapanda baiskeli hutoka Landless kwenda mjini Thika, na wengine huendelea hata Ruiru. Huyu amefunga mtungi wa maziwa nyuma, yule ana gunia la mboga, na karani amening'iniza mkoba wake. Wengi wao wameinama mno, mgongo umepinda kama upinde, na wafikapo hushuka huku wameshika kiuno. Husingizia uzee. Mara nyingi kosa si la uzee, bali usukani uko chini mno. Dawa yake ni rahisi, lakini ikitumiwa vibaya hudhuru kuliko ugonjwa wenyewe.

Katika baiskeli nyeusi za kazi, ziitwazo Black Mamba, usukani hushikwa na chuma kilichosimama, ambacho huingia ndani ya bomba la uma wa mbele. Ndani ya chuma hicho mna bolti ndefu, na mwisho wake chini pana kabari. Bolti ikikazwa, kabari huvutwa juu, nacho chuma hubanwa ndani ya bomba. Hakuna kitu kingine kinachokishika. Kwa hiyo kikivutwa juu kupita kiasi, sehemu inayobaki ndani huwa fupi, nacho huweza kuchomoka au kuvunjika. Tena hakivunjiki baiskeli ikiwa imeegemezwa ukutani. Huvunjika ndani ya shimo la njia, mpandaji ameulalia usukani kwa uzito wake wote, na lori li nyuma yake.

Kwanza, kiti. Mwenye baiskeli na aketi huku ameshika ukuta, aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu wapasa kunyooka bila kiuno kwenda upande. Asishushe kiti ili usukani uonekane umepanda, maana ataponya mgongo na kuyaumiza magoti.

Pili, na atwae spana, nyundo, kipande cha ubao, kitambaa na grisi kidogo. Bolti ya juu ilegezwe mizunguko mitatu au minne tu, isitolewe. Ubao uwekwe juu ya kichwa cha bolti, ugongwe kwa nyundo mpaka bolti ishuke. Hapo kabari imeachia. Nyundo ikipiga bolti yenyewe, kichwa chake huharibika. Kisha abane gurudumu la mbele kwa magoti, auzungushe usukani kulia na kushoto, huku akiuvuta juu polepole. Ikiwa kutu imekamata, atie mafuta na kungoja. Asishindane nao kwa nguvu.

Tatu, kipimo. Vyuma vingi vina alama iliyochongwa ubavuni kuonyesha mwisho wa kuinuliwa. Kazi ikiisha, alama hiyo isionekane kamwe nje. Kisicho na alama kitolewe chote na kupimwa, na angalau inchi 2 na nusu zibaki ndani ya bomba. Chenye ufa au kilicholiwa na kutu kitupwe. Kilicho kizima kipanguswe na kupakwa grisi. Ikiwa kimo hicho hakitoshi, mtu na anunue chuma kirefu zaidi au usukani uliopindwa juu.

Nne, breki, nazo husahauliwa na wengi. Breki za Black Mamba huvutwa kwa fimbo za chuma. Usukani ukipanda, fimbo hupanda pamoja nao, na mipira ya breki huugusa ukingo wa gurudumu kabla mkono haujabana. Lazima fimbo zilegezwe na kupimwa upya, za mbele na za nyuma. Penye breki za waya, usukani ugeuzwe mpaka mwisho kila upande. Waya ukivutika, ni mfupi, nao ubadilishwe.

Baiskeli nyingi mpya za gia hazina kabari hiyo. Usukani wake hushikwa na kipande kinachobana bomba kwa nje, kwa bolti za ubavuni. Hicho hakiinuliwi kwa kuvutwa. Mwenye baiskeli ya namna hiyo na aende kwa fundi, atiliwe kipande kinachoelekea juu zaidi.

Mwisho, usukani ulinganishwe na gurudumu, na bolti ikazwe barabara. Mwenye baiskeli abane tena gurudumu kwa magoti na kuusokota usukani kwa mikono miwili. Ukizunguka peke yake, kazi haijaisha. Kisha auegemee kwa uzito wake, na kujaribu breki uwanjani kabla ya kutoka. Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012, si mahali pa majaribio. Tena inchi moja yatosha kwa mara ya kwanza. Baada ya siku chache mgongo wenyewe utasema kama yahitajiwa nyingine. Tahadhari kabla ya athari.