Chemsha bongo isiyo na fumbo

Nilipokwenda kumtembelea mpwa wangu aliyeko Uingereza, siku ya tatu nilipewa viazi nimenye. (Jembe hawana, wana viazi.) Redio ya jikoni ilikuwa wazi, na humo nikasikia watu wazima, kwa sauti zao, wakihangaishwa na kitendawili. Nikaacha kisu.

Kipindi chenyewe huitwa Round Britain Quiz, nacho ni cha BBC. Kilianza mwaka 1947, na mzazi wake ni Transatlantic Quiz, kipindi cha 1944 kilichokutanisha wajuzi wa London na wa New York kwa redio wakati vita vikivuma. Timu ni za watu wawili wawili, na kila timu husimama kwa niaba ya upande wake: Scotland, Wales, Ireland ya Kaskazini na pande za Uingereza yenyewe. Kengele hakuna wala mbio hakuna. Swali moja huwa na vipande vitatu au vinne visivyojuana hata kwa salamu, na kazi yao ni kuitafuta kamba iliyovifunga pamoja. Jibu kamili ni pointi 6. Lakini kila mwendeshaji anapowaonea huruma akawapa dokezo, pointi hupungua.

Lililonishika si ujuzi wao. Ni kule kusikia watu wakifikiri. Huyu ana nusu ya jambo, mwenziwe ana robo, wanajaribu huku, wanarudi nyuma, mmoja akiri kwamba amepotea, kisha ghafula yule mwingine acheke: ameliona! Nawe msikilizaji umekuwa ukisukumana nao muda wote huo.

Tulijaribu kwa lugha yetu, msomaji wangu. Mnyama wa mwituni, fundi wa makuti, mwenye kuandaa changu jikoni, na rubani anayeondoka uwanja wa Moi: wote wanne wanakutana kwa neno gani? Usikimbilie simu, haitakufaa kitu.

Na hapo ndipo penye donda langu. Mjukuu wangu alishinda zawadi ya chemsha bongo, nasi tukafurahi, tukapika pilau. Anajua miji mikuu ya nchi zote na urefu wa mito. Usiku ule nikamwambia, "Kitendawili!" Akanitazama. Hakujua kwamba jawabu lake ni "Tega!" Kosa si lake. Sisi wazee ndio tuliomfundisha kwamba kujua ni kukumbuka, na sasa kukumbuka kumo mfukoni mwa kila mtu, ndani ya simu. Kuunganisha ndiko tulikokusahau kumrithisha.

Hali urithi huu twasifika nao! Aliyeshindwa na kitendawili alidaiwa mji: "Nipe mji!" Wenzetu wa BBC hukatana pointi moja moja, sisi tuligawa Mombasa nzima na bandari yake, na mwenye kupewa akasafiri nao kwa maneno hadi alipoamua kutufichulia jibu. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita wa zama za Mazrui, alizifumba siasa za vita katika mashairi, na watu wakakaa kuzifumbua. Hata leo kanga husema na jirani yale ambayo kinywa kinaona haya kuyasema. Watu wa namna hii ndio wa kuulizwa redioni urefu wa mito?

Yuko atakayesema kwamba fumbo huwabagua watu, na kwamba kile cha Waingereza kimejaa vitabu na muziki wa wasomi. Ni kweli, mara kadhaa nami niliachwa ufukweni. Lakini hilo ni la mtunga maswali. Fumbo letu halikuuliza shahada ya mtu. Lilimtaka awe ameishi na lugha, amekaa barazani, ameingia jikoni, amepanda chombo.

Basi naomba redio zetu za Pwani zitupe kipindi kimoja tu, nyakati za usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe, watu wangali macho. Lamu ikae na Malindi, Mvita ikae na Vanga, wawili kwa wawili, mzee na kijana katika kila timu. Wasipewe kengele. Waachwe wabishane tuwasikie.

Timu ya Mvita nimekwisha ipatia mtu mmoja. Swali lile la rubani nilimpelekea dada yangu mkubwa, asiyepata kukaa darasani hata siku moja. Nilimkuta uani na samaki wake, magamba yanaruka. Alinisikiliza hadi mwisho, wala kisu hakukiweka chini.

"Ewe," akasema, "si ndilo hili nilifanyalo? Nampaa."