Mawe ya Kusomea Mbingu

Kalokol, karibu na Ziwa Turkana, yamesimama mawe 19 ya Namoratunga. Mwaka 1978 watafiti wawili walisema yameelekezwa kwenye nyota za kalenda ya Waborana, Kilimia ikiwamo. Baadaye vipimo vyao vikapingwa. Tusingoje mabishano yaishe. Watoto wa Ijara, ambao babu zao walisafiri usiku kwa nyota, leo wanaiuliza simu kibla kiko wapi. Enyi vijana, jitoleeni, mpange mawe duara uwanjani mwa madrasa, na katikati msimike mti wima. Mei 28, saa 6:18 mchana, jua huwa juu ya Al-Kaaba. Kivuli kitalala kusini, na upande wa pili wake ndiko kibla. Jiwe la huko mlipake chokaa. Mawingu yakizuia, ngojeni Julai 16, saa 6:27.