Mpira wa Televisheni Hupikwa Wapi?

Ukiketi katika ukumbi wa video pale Sori, Karungu, ukitazama mpira, je, umewahi kujiuliza picha hiyo hupikwa wapi?

Televisheni ilianza Kenya mwaka wa 1962. Kwa muda mrefu, mechi ikionyeshwa moja kwa moja, gari kubwa la matangazo huegeshwa kando ya uwanja. Humo huketi mwelekezi anayechagua picha, fundi wa sauti, na yule anayerudia bao tulione tena. Siku hizi stesheni kubwa za ng'ambo hupeleka uwanjani kamera na watu wachache tu. Picha husafiri kwa nyaya au setilaiti hadi studio ya mbali, na kazi iliyosalia hufanyiwa huko.

SuperSport ilionyesha Ligi Kuu ya Kenya kwa miaka mingi hadi 2017. Ilipoondoka, vilabu vilihangaika kulipa mishahara. Hapo ndipo ilionekana wazi kwamba kamera ni riziki ya wengi.

Basi mzazi wa Karungu, mwanao akishinda kwenye ukumbi wa video hadi vitabu vikaota vumbi, usianze na kiboko. Muulize nani alipiga picha ile, na ilifikaje ziwani. Kisha mwambie kwamba jibu limo katika fizikia na hesabu anazozikwepa, awe mvulana au msichana.

Mechi ni dakika 90. Ufundi hulisha mtu hadi uzeeni.