Gigabaiti nne hazitoshi milima ya Kalehe

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, wakazi wa mitaa kumi ya Goma, mashariki mwa Kongo, waliamriwa kuondoka haraka. Mamia ya maelfu wakashika njia. Kuna waliovuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kuna waliopanda mashua kwenda Bukavu, na wengi walielekea Sake, kisha wakafuata barabara ya kando ya ziwa mpaka Minova, kwenye teritwari ya Kalehe, Kivu Kusini. Wakati huo lava ilikuwa imekwisha kusimama. Kilichowaondoa majumbani hakikuonekana kwa macho: magma iliyojipenyeza chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu. Wanasayansi waliitambua kwa mitetemo ya ardhi na kwa picha za rada za setilaiti.

Miaka miwili baadaye, Alhamisi ya 4 Mei 2023, mvua kubwa iliporomosha matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi, vijiji vya Kalehe vilivyo kusini mwa Minova. Kule Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Waliokufa walizidi 400.

Anayetaka kujua ni mteremko gani utakaofuata, au kambi ya wakimbizi imesogea kiasi gani karibu na bonde la mto, huanzia kwenye picha za setilaiti. Picha hizo nyingi hutolewa bure. Setilaiti za Ulaya za Sentinel hupita juu ya Kivu mara kwa mara, na mtu yeyote duniani anaweza kupakua picha zake. Lakini kuzipakua ni jambo moja, kuzifungua ni jingine. Fundi wa ramani aliyeko Minova, Goma au Bukavu akiwa na kompyuta ya mtumba anaweza kukwama hata kabla kazi haijaanza, na kinachomkwamisha ni namba moja tu: 4,294,967,296.

Namba hiyo inatokana na jinsi kompyuta inavyotunza kumbukumbu yake. Kila baiti ina anwani, na prosesa huifikia kwa kuita anwani hiyo. Mji ukiamua kwamba namba za nyumba zitakuwa na tarakimu mbili tu, utapata nyumba mia moja zenye namba, kuanzia 00 hadi 99. Nyumba inayofuata, hata ikiwa imejengwa kwa matofali na kuezekwa, haitapata namba, na mgeni hataifikia. Prosesa ya biti 32 huandika kila anwani kwa tarakimu 32 za sifuri na moja, na anwani zote zinazoweza kupatikana kwa njia hiyo ni hizo bilioni nne na ushei. Hizo ndizo gigabaiti nne.

Programu yenyewe haipewi hata zote nne. Windows ya biti 32 kwa kawaida huzigawa nusu kwa nusu: gigabaiti mbili kwa mfumo, mbili kwa programu inayofanya kazi. Ndani ya hizo mbili kuna vipande vya programu vilivyokwisha kukaa huku na kule, na picha kubwa mara nyingi huhitaji nafasi moja iliyonyooka bila kukatwa. Ndiyo maana ujumbe wa Kifaransa ambao mafundi wa Kongo wanaujua vizuri, "mémoire insuffisante", unaweza kujitokeza wakati kompyuta bado inaonyesha nafasi iliyobaki.

Hapo ndipo fedha hupotea. Mwenye kompyuta husikia kwamba kumbukumbu haitoshi, anakwenda kununua kibao kingine cha RAM, anakichomeka, na kosa linarudi vilevile. Toleo la kawaida la Windows la biti 32 halitumii zaidi ya gigabaiti nne, hata mashine ikijazwa nane. Kinachohitajika ni mfumo wa biti 64. Na prosesa nyingi zilizotengenezwa katika miaka kumi na tano iliyopita zinaukubali mfumo huo; AMD ilileta biti 64 kwenye kompyuta za kawaida tangu 2003, na Intel ikafuata. Yaani mtu anaweza kuwa na mashine inayoiweza kazi, huku mfumo uliowekwa ndani yake ukiizuia.

Hesabu ya Kalehe ni rahisi kuifanya. Chukua mraba wa kilomita 30 kwa 30, kutoka Minova kuelekea kusini, kwenye picha ambayo kila nukta ni nusu mita ya ardhi. Mraba huo una nukta 60,000 kwa 60,000, yaani bilioni 3.6. Kila nukta ina rangi tatu, na kila rangi baiti moja: jumla gigabaiti 10.8. Hizo ni zaidi ya mara tano ya nafasi ambayo programu ya biti 32 hupewa, na bado hakuna mstari hata mmoja uliochorwa juu ya picha.

Hata picha za bure za Sentinel-2, ambazo nukta yake ni mita kumi, hujaza nafasi haraka. Kipande kimoja cha picha hizo kina nukta 10,980 kwa 10,980, karibu milioni 120. Mtafiti anayetaka kulinganisha miteremko ya kabla na baada ya mafuriko huchukua mikanda minne ya rangi kwa tarehe mbili. Hesabu zenye desimali huhitaji baiti nne kwa kila nukta. Mikanda minane inakaribia gigabaiti 3.9. Kazi ya kawaida kabisa ya mwanafunzi wa jiografia, basi, imekwisha kuvuka gigabaiti mbili ambazo programu ya biti 32 hupewa.

Rada ndiyo nzito zaidi. Faili moja ya Sentinel-1 ya aina inayotumika kupima mwendo wa ardhi, ikiwa imefungwa, mara nyingi huwa na gigabaiti nne au zaidi. Wataalamu wa volkano huhitaji angalau mbili, moja ya kabla na moja ya baada. Na hapa kizuizi kilekile huibuka mahali ambapo wengi hawakitarajii: kwenye fleshi. Fleshi nyingi hutoka dukani zikiwa na mpangilio wa FAT32, ambao huandika ukubwa wa faili kwa biti 32, hivyo haupokei faili inayofika gigabaiti nne. Fleshi ya gigabaiti 64 ikiwa tupu kabisa itaikataa. Mtu aliyetumia usiku mzima na fedha za megabaiti kupakua picha mjini anaweza kushindwa kuipeleka kwa mwenzake wa Minova kwa sababu hiyo tu. Dawa yake ni kuipanga upya fleshi kwa exFAT au NTFS, kazi ya dakika chache.

Zanzibar ilikutana na uzito wa aina hii kwa ukubwa wake wote. Kuanzia 2016, Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walirusha droni ndogo juu ya Unguja na Pemba, visiwa vyenye zaidi ya kilomita za mraba 2,300, wakipata picha ambazo nukta yake inakaribia sentimita 7. Kwa kipimo hicho, kilomita moja ya mraba ina nukta zaidi ya milioni 200, na kwa rangi tatu, kilomita saba tu za mraba zinakaribia kujaza anwani zote za biti 32. Kazi ile isingewezekana kwa mashine za zamani. Kazi ya namna hiyo hudai kompyuta zihesabiwe kuwa sehemu ya mradi, sawasawa na droni.

Wenye kutengeneza programu za kitaalamu walikwisha kuamua zamani. ArcMap, iliyofundisha kizazi kizima cha wachoraji ramani Afrika Mashariki, ilikuwa ya biti 32. Mrithi wake ArcGIS Pro, aliyetoka Januari 2015, ni wa biti 64 pekee. QGIS, programu ya bure ambayo kwa ofisi nyingi ndogo ndiyo pekee inayowezekana, iliacha kutoa matoleo ya biti 32 kwa Windows kuanzia toleo la 3.20. Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa, na Windows 10, ya mwisho kuwa nalo, iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Anayebaki nyuma hapati tena matengenezo ya usalama kwa njia ya kawaida.

Kuna hoja inayostahili kujibiwa kwa heshima: kazi nzuri inaweza kufanyika kwa mashine ndogo ikiwa fundi atakata picha vipande vipande. Ni kweli. GDAL, maktaba huria iliyo ndani ya QGIS na programu nyingine nyingi, husoma picha kidogo kidogo, na fundi stadi anaweza kupitisha gigabaiti kumi kwenye kompyuta dhaifu. Ujuzi huo unapaswa kufundishwa. Lakini si kila kazi inakatika. Kuoanisha picha mbili za rada, au kuunganisha mamia ya picha za droni kuwa moja, hudai eneo pana lishikwe kwa pamoja. Tena kukata vipande huongeza saa za kazi, na pale ambapo umeme ni wa sola au wa jenereta, kila saa ina bei yake.

Wengine husema kazi ipelekwe kwenye seva za mbali kupitia intaneti. Njia hiyo inasaidia sana mtandao unapokuwepo. Lakini Observatoire ya volkano ya Goma, taasisi inayolinda roho za watu wa pande zote mbili za mpaka, ilikaa miezi kadhaa bila intaneti ya kupokea data ya vituo vyake baada ya ufadhili kukatika mwaka 2020, na mlipuko ukaja Mei iliyofuata. Minova nayo imepita katika mikono ya wenye silaha: waasi wa M23 waliingia Januari 2025, siku chache kabla ya Goma. Eneo lenye historia ya namna hii linahitaji uwezo wa kufanya hesabu zake papo hapo, mtandao uwepo au usiwepo.

Lazima pia isemwe wazi kwamba biti 64 peke yake haitoshi. Huondoa kizuizi cha anwani, haileti kumbukumbu yenyewe. Kompyuta ya biti 64 yenye gigabaiti mbili za RAM inaweza hata kuwa nzito kuliko ilivyokuwa, kwa sababu kila anwani sasa huchukua nafasi maradufu. Kwa kazi za rada, gigabaiti 16 ndicho kiwango ambacho mtu anaweza kuanza nacho bila mateso.

Jambo la kutisha zaidi kuliko kompyuta kukwama ni kompyuta isiyokwama. Oktoba 2020 Uingereza iligundua kwamba visa 15,841 vya korona havikuingia kwenye hesabu za taifa, kwa sababu majibu ya maabara yalipitishwa kwenye faili za Excel za muundo wa zamani, ambazo mwisho wake ni mistari 65,536, hesabu ya biti 16. Mistari iliyozidi haikuingia, na ufuatiliaji wa waliokutana na wagonjwa hao ukachelewa. Nchi tajiri, yenye wahandisi wengi, ilipotewa hivyo. Orodha ya kaya za wakimbizi wa Kalehe ikihifadhiwa kwenye muundo uleule, familia zitakazoangukia nje ya mstari wa mwisho hazitapata unga wala blanketi, na huenda asiwepo wa kueleza kwa nini.

Kwa hiyo masharti ya mikataba yabadilike. Kila mradi wa maafa, mazingira au afya unaoingia Kivu Kusini uandike katika orodha ya vifaa, kwa maneno bayana: mfumo wa biti 64, RAM isiyopungua gigabaiti 16, diski za nje zilizopangwa kwa exFAT au NTFS. Shirika linalotoa zawadi ya kompyuta zilizotumika liseme zina mfumo gani kabla hazijapakiwa melini, na anayepokea awe na haki ya kukataa. Taasisi zinazogawa picha za maafa zitoe pia vipande vidogo, ili ofisi ya teritwari ifungue kipande chake bila kupakua mkoa mzima.

Vyuo vikuu vya Bukavu na Goma navyo viweke somo la kumbukumbu na anwani mwanzoni mwa mafunzo ya ramani, pamoja na mazoezi ya kukadiria ukubwa wa picha kwa kalamu na karatasi kabla ya kuifungua. Hesabu ya nukta mara rangi mara baiti humchukua mwanafunzi dakika mbili, na humwambia kama mashine iliyo mbele yake itaiweza kazi.

Ofisi zenye kompyuta tayari zinaweza kuanza wiki hii, bila bajeti. Katika mipangilio ya Windows, kwenye ukurasa unaoeleza mfumo, kuna mstari mmoja unaotaja mambo mawili: mfumo ni wa biti ngapi, na prosesa ni ya biti ngapi. Pale ambapo prosesa ni ya 64 na mfumo ni wa 32, data ihifadhiwe kwanza kwenye diski nyingine, kisha mfumo uwekwe upya. Mashine zilizobaki ziorodheshwe zitumike kuandika barua na kutunza orodha fupi, na kazi ya ramani ipewe zile zinazoiweza.