Tarehe 29 Mei: Siku Haina Mkosi



Kwa kawaida safu hii huifuata kalenda: gazeti linapokaribia kutoka, huitazama tarehe iliyo mbele yetu na kueleza yaliyopita katika siku kama hiyo. Wiki hii tarehe hatukuichagua sisi. Ametuchagulia msomaji wetu mmoja, mama mjane, aliyetuandikia barua ya kurasa mbili.

Binti yake wa pekee alizaliwa alfajiri ya tarehe 29 Mei, miaka tisa iliyopita. Adhuhuri ya siku hiyo hiyo baba wa mtoto, akiwa njiani kwenda hospitali kumwona mwanawe, aligongwa na gari akafariki dunia. Tangu hapo baadhi ya jamaa wa upande wa mume humwita mtoto huyu kisirani. Penye harusi hawapendi aonekane mbele. Mwaka jana shangazi yake alikuwa akitoka kwenda safari, akamkuta mtoto mlangoni. Shangazi akarudi ndani, akaahirisha safari. Sasa mtoto mwenyewe ameanza kuuliza: "Mama, ni kweli mimi ndiye niliyemuua baba?"

Mama huyu hakutuomba fedha wala kutaka tumgombanishe na wakwe zake. Ameomba jambo moja tu: tuieleze siku ya binti yake, ni siku gani hasa, ili amsomee. Tumeitika wito, na tunamwomba yeyote mwenye mtoto wa namna hii nyumbani kwake asome pamoja nasi.

Tuanze na mwaka 1453. Siku ya Jumanne, tarehe 29 Mei, sawa na 20 Jumadal Ula 857 Hijria, Sultan Muhammad wa Pili wa dola ya Uthmania aliuteka mji wa Konstantinopoli, ambao leo ni Istanbul, baada ya kuuzingira kwa siku 53. Alikuwa kijana wa miaka 21. Wiki moja kabla ya hapo, usiku wa tarehe 22 Mei, mwezi ulikuwa umepatwa, na waliozingirwa ndani ya kuta walivunjika moyo wakidhani wameonyeshwa ishara ya maangamizi yao. Na kwa kuwa mji uliangukia siku ya Jumanne, hata leo wapo Wagiriki wengi wanaoihesabu Jumanne kuwa ni siku ya nuksi.

Hebu tuzingatie. Siku ni ile ile moja. Upande mmoja aliyeingia mjini alipewa jina la al-Fatih, yaani mwenye kufungua, na siku yake ikaadhimishwa. Upande wa pili mfalme Konstantino wa Kumi na Moja alikufa vitani, na watu wake wakailia siku hiyo kwa karne nyingi. Lau siku ingekuwa na bahati au balaa ndani yake, ingewezaje kuwa njema na mbaya kwa saa moja?

Kilichouangusha mji ule kinajulikana. Kulikuwa na mizinga mikubwa iliyotengenezwa na fundi wa Kihungari aliyeitwa Orban. Fundi huyo kwanza alikuwa amejipeleka kwa mfalme wa Konstantinopoli, lakini mfalme hakuwa na fedha za kumlipa. Kulikuwa pia na hila ya merikebu. Mlango wa ghuba ya Pembe ya Dhahabu ulikuwa umefungwa kwa mnyororo, basi Sultan akaamuru merikebu zikokotwe juu ya nchi kavu, juu ya magogo yaliyopakwa mafuta, mpaka zikateremkia upande wa pili wa mnyororo. Hizo ni fedha, akili, subira na kazi ya mikono. Jumanne haikubeba gogo hata moja.

Na tarehe yenyewe ni ipi? Mwaka 1453 Ulaya ilikuwa ikitumia kalenda ya zamani, ile ya Julius Caesar. Mwaka 1582 Papa Gregory wa Kumi na Tatu aliirekebisha, na siku 10 zikarukwa. Kwa kalenda tunayoitundika ukutani leo, Konstantinopoli iliangukia tarehe 7 Juni. Ama kwa kalenda yetu ya Hijria, ambayo mwaka wake ni mfupi kwa siku kama 11, tarehe 20 Jumadal Ula huzunguka majira yote, masika na kiangazi. Anayeiogopa tarehe 29 Mei, basi aiogope ipi?

Sasa tuje mwaka 1919. Tarehe 29 Mei mwaka huo jua lilipatwa lote. Ilikuwa mwishoni mwa Shaaban 1337, Ramadhani ikikaribia, kwani jua halipatwi ila mwezi mwandamo unapofikia ukingoni. Kivuli kilianzia Amerika Kusini, kikavuka bahari ya Atlantiki, kikapita juu ya Gabon na Kongo, na jioni kikafika kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania na kaskazini ya Msumbiji.

Katika kisiwa cha Príncipe, upande wa Afrika Magharibi, mwanafalaki wa Kiingereza Arthur Eddington alikuwa akisubiri na darubini yake. Wenzake wengine walikuwa Sobral, nchini Brazil. Walitaka kuijaribu kauli ya Albert Einstein kwamba nuru ya nyota ikipita karibu na jua hupinda kwa uzito wa jua. Nyota zilizo kando ya jua hazionekani mchana ila linapopatwa, na siku hiyo nyuma ya jua palikuwa na kundi la nyota zing'aazo. Asubuhi mvua ilinyesha Príncipe, kisha mawingu yakatanda. Eddington alipiga picha 16, na nyingi zilifunikwa na mawingu. Lakini chache zilizosalimika, pamoja na zile za Brazil, zilitosha. Mwezi Novemba ilitangazwa mjini London kwamba nuru hakika hupinda, na Einstein akawa mtu mashuhuri duniani kote.

Mwezi uliopatwa mwaka 1453 uliwavunja watu moyo, na jua lililopatwa mwaka 1919 liliwaongezea watu elimu. Mbingu ni zile zile. Tofauti ilikuwa katika namna watu walivyozitazama.

Jambo hili Waislamu tulifundishwa zamani, tena katika msiba. Mtume Muhammad (s.a.w.) alikuwa na mwana mdogo, Ibrahim, aliyezaliwa na Bibi Maria. Mtoto huyo alifariki Madina akiwa bado mchanga, na siku hiyo jua likapatwa. Hesabu za wanafalaki zinaiweka siku hiyo tarehe 27 Januari 632. Watu wakasema kuwa jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Mtume, ambaye moyo wake ulikuwa na huzuni ya mzazi, hakuliacha neno hilo lipite. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba aliwaeleza watu kuwa jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Akawaamuru wasali na kuomba.

Basi ikiwa jua halikuhusishwa na kifo cha mwana wa Mtume, vipi sisi tumhusishe mtoto mchanga na kifo cha baba yake?

Hatukatai kwamba tarehe 29 Mei imepata kuwa na vilio. Mwaka 1914 meli ya abiria Empress of Ireland iligongana na meli ya makaa ya Norway, Storstad, katika mto St. Lawrence nchini Kanada. Ilizama kwa dakika 14 tu, na watu 1,012 wakapoteza maisha. Mwaka 1985, katika uwanja wa Heysel mjini Brussels, watu 39 walikufa kabla ya fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya kati ya Juventus ya Italia na Liverpool ya Uingereza.

Lakini ukiyachunguza misiba hii, kila mmoja una sababu zake. Mtoni kulikuwa na ukungu mzito, kila chombo kikakosea kukisia mwendo wa mwenziwe, na madirisha mengi ya ubavuni mwa meli yalikuwa wazi maji yalipoingia. Heysel palikuwa na uwanja uliochakaa, mashabiki wa pande mbili waliotenganishwa kwa uzio dhaifu, kundi lililowavamia wenzao, na ukuta ulioporomoka. Aliyesema "ni mkosi wa siku" angewapa nafuu waliozembea, na wala asingemwokoa hata mtu mmoja mwaka uliofuata.

Tarehe hii ina waliozaliwa pia. John F. Kennedy alizaliwa tarehe 29 Mei 1917 katika mji wa Brookline, Marekani. Kaka yake mkubwa alikufa vitani mwaka 1944, dada yake akafa katika ajali ya ndege mwaka 1948, yeye mwenyewe akapigwa risasi mwaka 1963 akiwa rais, na mdogo wake Robert akauawa kwa risasi mwaka 1968. Huko nako watu wakazua neno, wakasema ukoo ule una laana. Kumbe maradhi haya ya kutafuta kisirani hayako kwetu peke yetu. Lakini wanafunzi wa Kenya waliosafirishwa kwenda kusoma Marekani mwaka 1960 kwa msaada wa dola 100,000 za mfuko wa familia hiyo hawakupata laana kutoka kwao. Walipata elimu.

Yupo mwingine ambaye habari yake ningependa binti yetu aijue zaidi ya zote. Tarehe 29 Mei 1953, saa tano na nusu asubuhi, watu wawili walisimama juu ya kilele cha mlima Everest, wenye urefu wa mita 8,848, mahali ambapo hakuna aliyejulikana kuwahi kufika kisha akarudi. Mmoja alikuwa Edmund Hillary wa New Zealand. Wa pili alikuwa Tenzing Norgay, mtu wa kabila la Sherpa, aliyekuwa amekwisha kujaribu mara kadhaa kuupanda mlima huo bila kufika kileleni. Tenzing hakuijua tarehe aliyozaliwa. Alikuwa kama wazee wetu wengi, ambao ukiwauliza hukwambia walizaliwa mwaka wa njaa au wakati wa vita. Kwa majira ya hewa na mazao alikisia tu kuwa ilikuwa mwishoni mwa Mei. Baada ya kushuka mlimani aliichagua tarehe 29 Mei kuwa siku yake ya kuzaliwa.

Angalia, mwanangu: siku hiyo hiyo wanayokuaibisha nayo, mwenzio aliitafuta na kuichagua kwa hiari yake.

Ama nyinyi jamaa mnaomwita mtoto kisirani, tuna maneno machache nanyi, kwa heshima. Katika Suratu Yasin, ambayo huisoma mara nyingi kwa ajili ya marehemu wetu, watu wa mji waliwaambia mitume kuwa wameona mkosi kwao. Mitume wakajibu kuwa mkosi wao wanao wao wenyewe. Mtume (s.a.w.) alikataza itikadi ya ndege mbaya. Katika Suratu Dhuha imekatazwa kumwonea yatima, na kumwita yatima kisirani mbele ya watu ni kumwonea. Ndugu yenu aligongwa na gari. Gari lile lilikuwa na dereva. Mtoto alikuwa kitandani hospitali, umri wake saa saba.

Tena kumbukeni kuwa Mtume wetu mwenyewe alizaliwa baba yake, Abdullah, akiwa amekwisha kufariki. Babu yake Abdul Muttalib hakumtazama mjukuu kama aliyemwondolea mwana. Alimpokea kama alichobakishiwa na mwanawe, akamlea mpaka naye alipofariki. Huo ndio mfano. Ndugu yenu amekuacheni na kitu kimoja tu duniani chenye damu yake, nanyi mnakisukuma kando harusini.

Dada yetu uliyetuandikia, mwanao akikuuliza tena, mjibu kwa wazi: "Hapana. Baba alikuwa anakuja kukuona." Mwambie kwamba jambo la mwisho alilolifanya baba yake katika dunia hii lilikuwa kumfuata yeye kwa furaha. Tarehe 29 Mei itakapofika, mwombeeni dua pamoja, toeni sadaka kwa ajili yake hata kama ni kopo la maji kwa mpita njia, na umsimulie alivyokuwa akicheka na alivyokuwa akitembea, kwani wewe ndiye pekee unayeweza kumpa mtoto huyu baba yake.

Na shangazi, safari ile uliyoiahirisha bado ipo. Siku utakayoondoka, mwite huyo mtoto akusindikize mpaka mlangoni, umwombe akuombee dua. Dua ya yatima ni akiba njema kwa msafiri.

Wiki ijayo, inshaallah, tutarudi kwenye kalenda yetu ya kawaida. Wabillahi tawfiq.